Kifuniko cha Boksi la Sambusa: Ubishi Wetu Kuelekea Ohio State na Michigan

Kifuniko chenyewe ninacho mpaka leo. Pembe moja imekunjika, na doa la mafuta limekaa juu ya jina la shemeji. Tulikiandikia Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2024, sikukuu ya Thanksgiving, nyumbani kwa shemeji hapa Columbus, Ohio, siku mbili kabla ya Ohio State kuwakaribisha Michigan, mechi ya watani wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Watu watano, tabiri tano, kalamu nene moja nyekundu. Kalamu alikuwa nayo mpwa wangu, mtoto wa dada, mwanafunzi wa Ohio State, na yeye wiki hiyo haandiki herufi M.

Si kituko chake peke yake. Wiki ya mechi hii, chuoni kwao M za kwenye mabango ya majengo hubandikwa X ya utepe mwekundu, kwa sababu M ni ya Michigan. Kwa Kiingereza mtu anaweza kuishi hivyo siku saba. Kwa Kiswahili ni balaa. Mimi mjomba wake nikawa "Xjomba", mzee aliyekaa karibu na dirisha akawa "Xzee", shemeji akawa "sheXeji", na kichwa cha habari kikasomeka "XPIRA WA JUXAXOSI".

Chini yake zikafuata namba. Mpwa: Ohio State 42, Michigan 10. Shemeji: Ohio State 38, Michigan 13. Mimi: Ohio State 31, Michigan 17. Binamu wa shemeji, kijana aliyekulia Nairobi na sasa anaishi Detroit: Michigan 24, Ohio State 23. Mzee, Mkongomani wa Bukavu: Michigan 20, Ohio State 17. Tukakubaliana kwamba yeyote ambaye namba zake zitakaa mbali zaidi na matokeo kuliko za wengine, kwa kujumlisha makosa ya timu zote mbili, ndiye atakayenunua mguu wa mbuzi.

Matokeo yalikuwa Michigan 13, Ohio State 10. Nimekichambua kifuniko hiki mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa sababu kuna jambo linalonikera: hoja zilizoshindwa karibu zote zilikuwa za kweli. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyebuni takwimu. Tulibishana saa mbili nzima na tukakosea kwa pamoja, hata walioshinda.

Kwanza, hawa ni watani wa aina gani

Kwa msomaji wa Simba na Yanga sina haja ya kueleza sana. Ohio State na Michigan walikutana mara ya kwanza 1897, Michigan wakashinda 34–0. Chuki ya majimbo yao ni ya zamani kuliko mpira. Mwaka 1835 Ohio na Michigan, ambayo bado haikuwa jimbo, waligombea kipande cha ardhi chenye mji wa Toledo hadi wakaita wanamgambo. Ohio wakabaki na Toledo, Michigan wakafidiwa rasi ya kaskazini na kuingizwa kuwa jimbo 1837. Ukitaka kumuudhi mzee wa Ohio, muulize kama anajua rasi ile ina shaba kiasi gani.

Mchezo wenyewe ni wa mpira wa Kimarekani. Una majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukizipata, unapewa mengine manne. Kufika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na teke la nyongeza linaongeza 1. Ukishindwa kufika lakini uko karibu, unaweza kupiga mpira katikati ya nguzo ukapata 3. Hayo yanatosha kwa kisa hiki.

Mchezaji wa Ohio State anayeifunga Michigan hupewa kidani kidogo chenye umbo la suruali ya dhahabu. Desturi hiyo ilianza 1934, baada ya kocha wao kusema Michigan nao huvaa suruali mguu mmoja baada ya mwingine kama watu wote. Sasa fikiria vijana walioingia chuoni 2021. Walifungwa 42–27, wakafungwa 45–23, wakafungwa 30–24. Mwaka 2024 ulikuwa wa mwisho kwa wengi wao na hakuna hata mmoja aliyekuwa na suruali. Baadhi yao wangeweza kwenda kwenye ligi ya kulipwa, wakarudi chuoni wakisema kuna deni hawajalipa.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya kwanza ya mpwa wangu: hasira. "Anko, hawa watu wamekaa na hii kitu miaka mitatu." Nilimwelewa. Nilidhani pia ninaelewa hasira hufanya nini uwanjani, na hapo nilikuwa sijui kitu.

Hoja ya Indiana

Aliyekuja na hesabu ni shemeji. Yeye ni mtu wa mikeka. Ohio iliruhusu watu kubeti michezo kuanzia tarehe 1 Januari 2023, na tangu siku hiyo simu yake haijapumzika. Kampuni za kubeti zilikuwa zimeipa Michigan karibu pointi 20 za kuanzia, maana yake Ohio State wasiposhinda kwa zaidi ya hapo, aliyewabeti kwa handikapu anapoteza hata wakishinda. Shemeji aliwaweka Ohio State kwa handikapu hiyo, akaunganisha na mechi nyingine tatu.

Hesabu yake ilikwenda hivi. Timu zote mbili zilikuwa zimecheza na Indiana mwezi huo huo. Ohio State waliifunga Indiana 38–15, tofauti ya pointi 23. Michigan walifungwa na Indiana 20–15, tofauti ya 5. Jumlisha: 28. "Na bado mechi ni nyumbani," akasema, akifuta mikono kwa karatasi. "Ishirini ni zawadi."

Kila shabiki wa Kiswahili anaijua hesabu hii. Ndiyo ile ya kwamba Azam walimfunga fulani mabao matatu, na huyo fulani alitoka sare na sisi, kwa hiyo. Ubaya wake ni kwamba inachukua matokeo ya dakika za mwisho na kutupa yote yaliyotokea kabla. Indiana walipocheza na Michigan walipata pointi 17 kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili walipata 3. Indiana hiyo hiyo iliyokuwa haijafungwa na mtu, iliyokuwa ikiwapiga watu kama ngoma, ilikaa kipindi kizima mbele ya safu ya ulinzi ya Michigan ikatoka na teke moja. Kwenye hesabu ya shemeji jambo hilo lilikuwa "tofauti ya 5" na basi.

Kuhusu ile 20 ya kampuni za kubeti, watu wengi mezani, mimi nikiwemo, tuliichukua kama neno la mganga. Lakini namba ile ni bei. Inapanda na kushuka kwa kufuata pesa za watu zinakoelekea, na pesa za Ohio wiki hiyo zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Kampuni hailazimiki kujua nani atashinda. Inachohitaji ni watu wa kutosha pande zote mbili.

Hata hivyo niwe mkweli: kuhusu udhaifu wa Michigan, shemeji hakukosea. Walikuwa mabingwa wa nchi wa msimu wa 2023, lakini kocha Jim Harbaugh aliondoka, mrushaji wao J.J. McCarthy akaondoka, mkimbiaji Blake Corum akaondoka. Wachezaji 13 kwa jumla walichukuliwa na timu za kulipwa mwaka huo. Chini ya kocha mpya, Sherrone Moore, walifika Columbus wakiwa wameshinda 6 na kupoteza 5. Texas waliwafunga 31–12, Oregon 38–17, Illinois 21–7. Mrushaji wao, Davis Warren, hakumtisha mtu. Na wachezaji wawili bora waliobaki, beki Will Johnson na mdakaji Colston Loveland, hawakucheza Jumamosi hiyo.

Upande wa pili Ohio State walikuwa wamepoteza mechi moja tu, 32–31 ugenini kwa Oregon. Walikuwa wa pili nchini. Mkurugenzi wao wa michezo mwenyewe alikuwa ametaja kwamba kikosi hicho kinagharimu karibu dola milioni 20. Mdakaji wao Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, alikuwa anadaka mipira ambayo mtu mzima anaiacha ipite.

Mzee na mtoto wa Kinshasa

Mzee alikaa kimya mpaka chai. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu ambacho mpwa wangu hukipenda kuliko changu: "Bale ba Michigan habatatupa mpira. Batakimbia tu. Na nyie mutachoka."

Mzee alikaa Montreal kabla ya kuhamia huku, na ana sababu yake. Tarehe 25 Novemba 1995, kule Ann Arbor, Ohio State waliingia wakiwa 11–0, wa pili nchini, na Eddie George, ambaye mwaka huo alichukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Michigan walikuwa wamepoteza mechi tatu. Aliyewamaliza Ohio State ni Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Montreal. Alikimbia na mpira yadi 313 peke yake. Matokeo yakawa 31–23. Mzee hulitamka jina lile polepole, silabi moja moja, kama anamwita mtoto wa ndugu yake aingie ndani kula. Watangazaji wa Marekani walikuwa wakiung'ata ulimi.

Mwaka uliofuata, 1996, Ohio State tena hawajafungwa, tena wa pili nchini, safari hii nyumbani Columbus. Wakafungwa 13–9. Kocha wa wakati huo, John Cooper, alikaa miaka 13 na kuifunga Michigan mara 2 tu. Alikuwa na vikosi vya kutisha. Mzee aliyataja haya yote bila kusoma popote.

Sasa, ni rahisi kumfanya mzee mtabiri wa kisa hiki, na wengi pale nyumbani wamemfanya. Mimi sikubali moja kwa moja. Mzee husema maneno hayo hayo kila mwaka. Aliyasema 2019, na Ohio State wakashinda 56–27. Na ule msemo wake wa mwisho, kwamba "derby haina mwenyewe", ni msemo ambao watu hukimbilia wakiishiwa hoja. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5–1, na sikusikia mtu siku ile akisema derby haina mwenyewe. Mara nyingi inaye.

Kilichokuwa na uzito kwenye maneno ya mzee ni kitu kingine, na hakuna aliyekisikia, labda hata yeye. Hakusema tu nani atashinda. Alisema mechi itachezwaje.

Sentensi iliyopita hivi hivi

Nafika mahali ninapopataka. Kama saa mbili usiku, kijana wa Detroit, akiwa amesimama mlangoni na sahani, alisema: "Lakini senta wenu si ameumia?" Senta ni yule wa katikati ya safu ya mbele, anayeanzisha mpira kwa kuupitisha nyuma kati ya miguu yake na kisha kupambana na mlinzi aliye mbele yake. Wa Ohio State, Seth McLaughlin, alikuwa amekatika mshipa wa kisigino mazoezini wiki iliyotangulia. Kabla yake, Oktoba, walimpoteza Josh Simmons, mlinzi wa upande wa kushoto wa safu hiyo hiyo.

Mpwa hakungoja kijana amalize kutafuna. "Indiana tuliwapiga 38 bila yeye."

Ni kweli kabisa. Mechi ya Indiana ilichezwa baada ya McLaughlin kuumia. Jibu lilikuwa la haraka, la kweli, na lilifunga mjadala. Kijana akacheka, akasema "Sawa madam," akarudi jikoni. Hakuna aliyeuliza swali lililopaswa kufuata: katikati ya Indiana wamesimama nani, na katikati ya Michigan wamesimama nani?

Katikati ya Michigan walisimama Mason Graham na Kenneth Grant. Kwenye orodha ya timu kila mmoja alikuwa na zaidi ya kilo 140, na wote wawili wanakimbia. Miezi mitano baadaye Graham alichukuliwa wa 5 nchi nzima kwenda ligi ya kulipwa, Grant wa 13. Walikuwepo wazi siku ile, hawakuwa siri. Sisi tulikuwa tunamjadili Davis Warren.

Jumamosi

Baridi ilikuwa chini ya sifuri. Mpwa alikwenda uwanjani, sisi wanne tulibaki kwa shemeji. Uwanja wa Ohio State wenye umbo la kiatu cha chuma cha farasi ulijaa watu zaidi ya 100,000.

Ohio State walitangulia kwa teke, 3–0. Halafu pasi ya mrushaji wao Will Howard ikanyakwa na Aamir Hall, na Michigan wakaanzia yadi chache tu kutoka mstari wa mwisho. Kalel Mullings akaingiza. 7–3. Kisha Dominic Zvada akapiga teke la yadi 54 katika baridi ile, 10–3. Smith akasawazisha kabla ya mapumziko. Kumi kwa kumi.

Kipindi cha pili sijui niseme ilikuwa mechi ya nini. Ohio State waliendelea kukimbiza mpira katikati, palepale walipokuwa na mashimo, palepale walipokuwa Graham na Grant. Mara moja, mara mbili, mara ya kumi. Shemeji alianza kwa kuzungumza na televisheni, kisha akazungumza na Mungu, kisha akanyamaza. Mzee alikuwa anakula karanga. Mpiga mateke wa Ohio State alikosa mara mbili siku ile, mateke ambayo si ya mbali.

Wakati uliobaki ukawa mchache, Michigan wakachukua mpira na hawakuuachia. Wakakimbia, saa ikaenda, wakakimbia tena. Kwenye jaribio la tatu, pale ambapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja, Mullings akachanja katikati yadi 27. Zikiwa zimebaki sekunde 45, Zvada akapiga teke la yadi 21. Jikoni sufuria ya pilau ilikuwa inachemka na mfuniko ukigonga, na ndiyo sauti pekee niliyoisikia. Howard akapata nafasi ya mwisho, pasi nne zikaanguka chini. Shemeji akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, taratibu, kama anayemfunika maiti. Mkeka wake ulikuwa umetiki mechi tatu. Ukachanika kwenye ile aliyoiita zawadi.

Baada ya filimbi wachezaji wa Michigan walijaribu kusimika bendera katikati ya uwanja, ugomvi ukazuka, polisi wakapuliza pilipili, na vyuo vyote viwili vikapigwa faini ya dola 100,000 kila kimoja. Nilimpigia mpwa, hakupokea. Baada ya nusu saa ukaja ujumbe: "Sitaki kuongea." Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza wiki nzima ambao haukuhitaji X hata moja.

Kuusoma upya ubao

Usiku ule nilichukua kifuniko nikapiga hesabu za mguu wa mbuzi. Mpwa alikosea kwa pointi 35. Shemeji 28. Mimi 25. Kijana wa Detroit 24. Mzee 14.

Angalia hapo kwa kijana wa Detroit. Alitaja mshindi sahihi, akajigamba mpaka Jumatatu, lakini mimi niliyetaja mshindi asiye sahihi nilimzidi kwa kosa la pointi moja tu. Aliona mechi ya pointi 47, mimi ya 48. Ilichezwa mechi ya pointi 23. Yeye na mimi tuliiona mechi moja ambayo haikuwepo, tukatofautiana tu nani ataichukua.

Kisha nikazitenganisha safu mbili za namba, na hapo ndipo nilipokaa chini. Safu ya Michigan: tulisema 10, 13, 17, 24 na 20. Walipata 13. Shemeji, aliyepoteza kila kitu, aliipatia Michigan pointi zao zote kumi na tatu bila kosa. Mpwa alikosea kwa 3, mimi kwa 4. Sisi watatu tulioshindwa ndio tulioifahamu Michigan vizuri! Safu ya Ohio State: 42, 38, 31, 23, 17. Walipata 10. Makosa ni 32, 28, 21, 13, 7. Hakuna hata mmoja wetu, akiwemo mzee, aliyewaandikia Ohio State namba ndogo vya kutosha.

Kwa maneno mengine, saa mbili zile tulibishania safu tuliyoijua. Warren ni dhaifu? Ndiyo, alirusha yadi 62 tu na pasi zake mbili zikanyakwa. Loveland atacheza? Hakucheza. Michigan watapata pointi ngapi? Chache, kama tulivyosema. Safu ya pili tuliijaza kwa mazoea, maana Ohio State ni Ohio State. Swali moja tu liliigusa, lile la senta, nalo lilijibiwa kabla halijatua.

Namba za uwanjani zinaeleza kilichobaki. Ohio State walikimbia na mpira mara 26 wakapata yadi 77, chini ya yadi 3 kila mara. Michigan walipata 172 kwa miguu. Smith, silaha kubwa kuliko zote, alipata yadi 35 siku nzima, mbele ya Michigan isiyo na beki wake bora. Narudi kwenye hasira ya mpwa. Miaka mitatu Ohio State walikuwa wakiambiwa ni laini, hawawezi kusukumana. Kwa maoni yangu, hasira ile haikuwafanya wacheze vizuri zaidi, iliwafanya watake kushinda kwa namna fulani: kifua kwa kifua, katikati. Kocha Ryan Day angeweza kuzunguka. Michigan hawakuwa na la kufanya isipokuwa kuomba asizunguke, na hakuzunguka.

Kuna jambo jingine ambalo mpenzi wa kandanda ataliona upesi kuliko Mmarekani. Michigan waliugeuza mchezo wao uwe kama wetu. Walipaki basi. Walikaa na mpira, wakala muda, wakapunguza nafasi za kila upande mpaka mechi ikawa ya matukio mawili matatu. Mechi ikiwa na nafasi nyingi, aliye bora hupata muda wa kuonyesha ubora wake, na teke moja lililokosewa husahaulika. Ikiwa na nafasi chache, teke moja ndiyo mechi. Ndiyo maana sipendi kumvika mzee taji: mpiga teke wa Ohio State angepata lile moja, tungekuwa tunazungumza mengine, na mzee angesema mwakani. Timu zilitofautiana kwa yadi 18 tu kwa jumla, 252 kwa 234, na zilizozidi zilikuwa za Ohio State.

Mguu wa mbuzi

Ingekuwa 1995, kisa kingeishia hapo. Zamani kufungwa siku hii kulizika msimu. Lakini 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya timu 12 kutafuta bingwa wa nchi, na Ohio State waliingia licha ya kufungwa, wakati mashabiki wao wenyewe wakitaka Day afukuzwe. Wakaifunga Tennessee 42–17. Wakaifunga Oregon 41–21, na Smith akapata yadi 187, maana safari hii walimrushia mpira. Wakaifunga Texas 28–14. Tarehe 20 Januari 2025, siku 51 baada ya ile Jumamosi, wakaifunga Notre Dame 34–23 kule Atlanta wakawa mabingwa.

Usiku ule ule mpwa alikuja kwa shemeji na shangwe zake, akakitoa kifuniko nyuma ya jokofu nilikokuwa nimekichomeka, akaandika chini kwa kalamu ile ile: 34–23. Kisha akaandika BORA, akapiga mstari mara mbili. Hoja yake ilikuwa kwamba Alhamisi ile alisema Ohio State ni bora kuliko Michigan, na sasa imethibitishwa, kwa hiyo deni la mbuzi limefutika.

Shemeji alimuunga mkono, kwa sababu zake. Kijana wa Detroit alikuwa kwenye simu, sauti yake ikitoka kwenye spika, akisema huo ni wizi. Tukamtazama mzee.

"Hatukuandika bora," mzee akasema. "Tuliandika nambari."

Mpwa alibisha kama dakika kumi na tano, na sijui kama alikuwa amekosea. Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wa plastiki kutoka kwa mchinjaji wa Kisomali wa barabara ya pili, akauweka mezani bila salamu. Juu yake alikuwa amebandika karatasi, na kwa kalamu nyekundu ameandika: XGUU WA XBUZI.